Kiongozi aliyechafuka akirudi na fomu mkononi: msamaha tunatoa, na kiti je?

Mkulima wa Mlowo (mleta uzi)

Wakuu, kwema? Huku Mbozi baridi imeshaingia, kahawa inachumwa, na AMCOS yetu, yaani chama chetu cha ushirika cha wakulima, inajiandaa na mkutano mkuu wa kuchagua bodi. Miongoni mwa waliochukua fomu yumo mzee mmoja ambaye kila mtu mzima pale kijijini anamjua kwa jambo moja: vocha za pembejeo. Jina nalihifadhi na kijiji nakihifadhi. Anayemjua naomba atulie.

Kwa vijana ambao hamkuyaona: kuanzia msimu wa 2008/09 serikali ilitoa vocha za ruzuku. Mkulima anapewa ya mbolea ya kupandia, ya kukuzia na ya mbegu, anaongeza pesa yake, kama nusu ya bei, anachukua mzigo kwa wakala. Mikoa yetu hii, enzi hizo Mbozi ikiwa bado ndani ya Mbeya na Njombe ndani ya Iringa, ilipewa uzito kwa sababu ndiyo inalisha nchi. Kila kijiji kilikuwa na kamati ya vocha. Mzee huyu ndiye aliyeongoza ya kwetu.

Mchezo ulikuwa mwepesi. Mkulima asiye na pesa ya kuongezea anaitwa pembeni, anaweka dole gumba kwenye daftari kwamba amepokea, anapewa noti ya elfu kumi, vocha zinabaki kwa wakala. Wakala anaenda kulipwa kama aliyeuza mbolea, wakati mbolea haijatoka hata kwenye lori. Mama yangu mdogo aliweka dole. Msimu ule alipanda mbegu aliyoichambua kwenye kihenge chake mwenyewe, bila punje ya DAP, ile mbolea ya kupandia, mahindi yakawa ya njano kabla hayajafika kiunoni. Kwenye daftari amepokea vyote vitatu. Jirani yake alikuwa ameshazikwa mwaka wa nyuma, naye amepokea vyote vitatu, na saini ameweka, tena nzuri kuliko aliyokuwa nayo akiwa hai.

Mzee hakufungwa. Maelezo yaliandikwa, mashahidi wakachoka nauli, faili likalala. Aliondolewa kwenye kamati, udiwani aliokuwa akiunyemelea ukamponyoka, akahamia Tunduma kwenye biashara. Sasa amerudi. Amejenga nyumba nzuri, anasalimia kila mtu, ametoa mabati ya darasa. Hivi karibuni alipewa nafasi kanisani, akasimama, akasema anawaomba radhi wote aliowakwaza wakati wa utumishi wake. Hakutaja vocha. Hakutaja daftari. Makofi yakapigwa, mchungaji akaomba, na wiki ileile mzee akachukua fomu.

Msimamo wangu nauweka mapema ili tusizungushane. Msamaha ni mali ya aliyeumizwa. Kiti ni mali ya wote. Mama mdogo akitaka kumsamehe leo jioni, mimi ni nani? Lakini kusamehewa na mama mdogo hakumpi mtu ufunguo wa ghala la kahawa yangu.

Na nchi yetu imezoea utaratibu wa ajabu kidogo: mkosaji anamwomba radhi aliye juu yake, aliye juu anasamehe, sisi wa chini tunaarifiwa kwenye taarifa ya habari. Septemba 2019 wanasiasa waliosikika kwenye sauti zilizovuja wakimsema Magufuli walimwomba radhi, naye akatangaza kuwasamehe. Nape alifika mpaka Ikulu. Baadaye, chini ya Rais Samia, Nape na January Makamba wote wakawa mawaziri. Hapo sina ugomvi mkubwa, aliyesemwa ni Magufuli, basi alikuwa na haki ya kusamehe. Ila mkumbuke EPA, ile akaunti ya madeni ya nje. Shilingi bilioni 133 zilichotwa Benki Kuu, mwaka 2008 Rais Kikwete akawapa wachotaji hadi 31 Oktoba warudishe, atakayerudisha asishtakiwe. Waliorudisha tuliambiwa wapo. Majina hatukupewa. Yaani tulisamehe deni letu wenyewe kwa watu tusiowajua, na pengine mmoja wao tumempigia kura tangu hapo.

Karibuni. Matusi hapana.

Igawa Stendi

Nimevuta kiti. Mkuu, mabati ni ya geji ngapi? Uliza hilo kwanza, maana kuna toba ya geji 28 na kuna toba ya geji 32.

Kyela Damu

Mleta uzi, huwezi kuzungumzia habari hii ukiwa huku kwetu ukairuka kashfa ya Richmond. Sisi wa Kyela tulijiona wakubwa sana Februari 2008. Mbunge wetu, Dk Mwakyembe, ndiye aliyeongoza Kamati Teule ya Bunge kuchunguza mkataba wa umeme wa dharura, ripoti ikasomwa, Waziri Mkuu Lowassa akajiuzulu, na mawaziri Karamagi na Msabaha wakafuata. Redio ilikuwa ikisikilizwa kila kibanda cha mchele pale mjini kama mechi.

Haya, ruka hadi 2015. Lowassa huyohuyo ametoka CCM, amepokewa CHADEMA, anagombea urais kwa mwavuli wa UKAWA, ule muungano wa vyama vya upinzani. Chama kilekile ambacho mwaka 2007 kilimsoma kwenye orodha ya mafisadi pale Mwembeyanga. Dk Slaa, aliyeisoma orodha ile, akaona yamemfika shingoni, akajitoa. Nilikuwa Mbeya mjini Lowassa alipokuja, barabara haikupitika. Watu waliolia na Richmond walikuwa wanadeki lami. Alipata kura 6,072,848, karibu asilimia 40. Machi 2019 akarudi CCM. Februari 2024 akafariki, akazikwa kwa heshima zote.

Ninachotaka kusema: Lowassa hakuwahi kuomba msamaha wa Richmond hata siku moja. Alisema aliwajibika kisiasa, kwamba kamati haikumhoji, na hakuna mahakama iliyowahi kumtia hatiani. Kwa hiyo waliompokea hawakumsamehe kitu, kwa sababu hakuna kilichoombwa. Walikuwa na hasira na waliokuwepo, wakamhitaji mwenye nguvu ya kuwatoa. Huyo mzee wako naye mwangalie hivyohivyo. Kama bodi iliyopo imewachosha, atapita, hata angekuwa ameiba na kengele ya kanisa.

Mkulima wa Mlowo

Kyela Damu, hapo umenigusa. Bodi iliyopo imetuchosha. Malipo ya pili ya kahawa ya msimu uliopita mpaka leo ni hadithi.

Mama wa Isyonje

Wanangu hamjambo. Mimi si mwandishi, ni muuza viazi, nasoma tu siku zote. Leo naandika kwa sababu na mimi dole langu liko kwenye daftari, la huku kwetu, si la Mbozi.

Mtu anisikilize vizuri. Wakati ule sikuona nimeibiwa. Nilipewa elfu kumi, mtoto alikuwa anadaiwa shule, nikashukuru. Niliona nimeibiwa mwezi wa tatu, nilipoingia shamba la jirani aliyeongezea pesa akachukua mbolea. Mahindi yake yamenipita kichwa. Yangu yananifika hapa tumboni. Ndipo nikakaa kwenye tuta nikapiga hesabu.

Aliyetufanyia vile alikufa, kwa hiyo wangu sina wa kumdai. Angekuwa hai nisingetaka asimame kanisani. Angekuja nyumbani, nikampa kigoda, akasema mama, mwaka ule nilikuchukulia mifuko miwili na mbegu. Akileta mifuko miwili, namsamehe na kuku namchinjia. Asipokuwa nayo, akisema tu kwa mdomo wake, namsamehe bila kuku. Mabati ya darasa ni ya darasa. Mimi sikuibiwa bati.

Igawa Stendi

Mama shikamoo. Uzi ungeishia hapo ingetosha, lakini najua Wakili anakuja na vifungu.

Wakili Nusu Meza

Nimekuja, na vifungu ninavyo.

Kwanza tutenganishe makundi, maana mnawachanganya. Kuna anayewajibika kwa makosa ya walio chini yake. Mzee Mwinyi, Januari 1977, akiwa Waziri wa Mambo ya Ndani, alijiuzulu kwa sababu ya watuhumiwa walioteswa na kufa mikononi mwa dola huko Mwanza na Shinyanga. Hakuwashika yeye wala hakutuma mtu awapige. Akapelekwa ubalozi Misri. Mwaka 1984 akawa Rais wa Zanzibar, 1985 Rais wa Jamhuri ya Muungano. Huyo hakupewa nafasi ya pili kwa huruma. Kujiuzulu kwenyewe kulionyesha ni mtu wa aina gani. Ukimweka kundi moja na mla vocha unamkosea marehemu.

Pili, kuna aliyehukumiwa akatumikia. Mramba na Yona, waziri wa zamani wa fedha na wa nishati, Julai 2015 walihukumiwa miaka mitatu kwa matumizi mabaya ya madaraka, kesi ya ile kampuni ya kukagua dhahabu, Alex Stewart. Rufani ikapunguza hadi miwili. Februari 2016 wakatolewa kwa Sheria ya Huduma kwa Jamii ya 2002, wakapangiwa usafi hospitali ya Sinza, saa nne kwa siku. Picha mlizicheka wote. Mimi nasema ile ndiyo adhabu iliyokaribia zaidi kuwafikia wananchi kuliko zote nilizoziona nchini: waziri wa fedha na ufagio, mgonjwa wa Sinza anapita anamwona. Akiwa gerezani angemwona nani?

Tatu, Katiba yenyewe haikufunga mlango moja kwa moja kwa kila kosa. Someni Ibara ya 67. Aliyefungwa zaidi ya miezi sita kwa kosa la utovu wa uaminifu hawezi kuwa mbunge, na kuna sehemu inayotazama miaka mitano kabla ya uchaguzi mkuu. Yaani waliotunga waliona kuna kosa linalokufuata na kuna kosa lenye saa yake. Ila yote hayo yanamhusu aliyetiwa hatiani. Mzee wa mleta uzi, faili lake likiwa limelala, mbele ya sheria ni msafi kuliko mimi na wewe. Hamtamzuia kwa sheria. Mtamzuia kwa kura, au hamtamzuia.

Kitonga Kona

Nyie mnaongea wanasiasa tu, na wasanii mnawaweka wapi? Tarehe 9 Desemba 2017 Magufuli alitoa msamaha kwa Babu Seya na Papii Kocha, waliokuwa na kifungo cha maisha tangu 2004 kwa kubaka watoto wa shule. Uwanja ulilipuka kwa shangwe. Baadaye wakapanda jukwaani. Ibara ya 45 inampa Rais mamlaka hayo, sibishi. Wao wenyewe wamekana siku zote, na Machi 2018 Mahakama ya Afrika kule Arusha iliona haki yao ya kesi ya haki ilivunjwa, nalo silifichi.

Ila siku ile nilikuwa kwenye basi natoka Dar, redio imefunguliwa, tunapanda Kitonga taratibu nyuma ya malori. Abiria wanashangilia. Kiti cha mbele yangu dada mmoja alivuta kitenge akajifunika kichwa, hakufunua mpaka Ipogolo. Simjui, sikumuuliza. Tangu siku hiyo nikisikia shangwe ya msamaha naangalia nani hajashangilia.

Hoja ya mleta uzi kwamba msamaha ni wa aliyeumizwa naiunga mkono, lakini ina tatizo. Aliyeumizwa mara nyingi hana kipaza sauti. Tukisema tumsubiri yeye, wenye kelele watamaliza wao.

Mzee wa Katumba

Vijana, huku Unyakyusa zamani tambiko la ukoo halikuwa na maana kama mtu ana kinyongo na amekimeza. Ilibidi akitoe kwa kinywa, mbele ya ndugu: fulani alinifanyia hivi, nikaumia. Akishasema, anapuliza maji, mambo yanaendelea. Angalieni nani alikuwa anazungumza. Mwenye kuumia. Mkosaji alikaa akasikiliza.

Siku hizi mkosaji ndiye anashika kipaza sauti, aliyeumia anapiga makofi. Mimi ni mzee wa kanisa na nasema hivyohivyo hata kwenye baraza la wazee, na hawanipendi kwa hilo.

Kiazi Mviringo

Naombeni nitupe jiwe. Wapiga kura wetu hawana shida na msamaha wala kiti, wana shida na mtu wao. Chenge alitoka uwaziri Aprili 2008 kwa habari ya fedha zake za nje ya nchi na ile kauli ya kuziita vijisenti. Bariadi wakamrudisha bungeni 2010. Ikaja kashfa ya mgawo wa fedha za akaunti ya Tegeta Escrow mwaka 2014, bilioni 1.6 kwenye akaunti yake, bado 2015 akachaguliwa, na bungeni akakalia kiti cha mwenyekiti anayeongoza vikao. Profesa Tibaijuka aliondolewa uwaziri Desemba 2014 kwa mgawo kama huohuo, Muleba Kusini wakamrudisha mwaka uliofuata. Yeye alisema ni fedha za shule. Sawa.

Sasa angalieni Ngeleja, aliyewahi kuwa Waziri wa Nishati. Julai 2017 aliitisha waandishi, akatangaza kurudisha milioni 40.4 alizopewa, akaonyesha na hati ya malipo. Kati ya wote walionufaika na mgawo ule, yeye alisimama hadharani akarudisha. Alipata nini? Kejeli. Tuliandika humuhumu kwamba ameogopa kwa sababu wenye Escrow wameshakamatwa. Inawezekana aliogopa kweli. Lakini aliyerudisha alichekwa kuliko waliobaki nazo. Na Ndugai, Mungu amrehemu, Januari 2022 aliomba radhi kwa kauli yake kuhusu mikopo, siku tatu baadaye kiti cha Spika hana, kikaja kwa Tulia Ackson, aliyekuwa mbunge wetu wa Mbeya Mjini wakati huo. Mwanasiasa mwenye akili akitazama hesabu hizo ataomba radhi ya nini? Ukikaa kimya unachaguliwa.

Binti wa Mafinga

Kiazi Mviringo, hapo mwishoni ndipo nyumbani kwetu, naomba niandike hata kama nitaonekana namtetea mtu.

Baba yangu alikuwa mtunza fedha, ofisi sitaitaja. Zilichukuliwa pesa za mradi wa maji, walikuwa watano. Baba alikiri. Alisimama akasema ndiyo nilisaini, sehemu yangu ilikuwa kiasi hiki, nimejengea. Alifungwa, nyumba ikauzwa. Wale wanne walikana, ushahidi uliowagusa ukaonekana hautoshi, wakaachiwa. Mmoja leo anaitwa mheshimiwa na anakaa meza kuu kwenye harusi za Mafinga. Alihudhuria hata yangu. Baba yangu alikaa nyuma, karibu na jiko.

Alipotoka alirudi kundini kwa utaratibu wa usharika. Alisimama mbele, akataja kosa kwa jina lake na kiasi chake. Watu walikuwa kimya, hakuna makofi, kwa sababu ukitaja kiasi makofi hayaji. Walimpokea, alirudi meza ya Bwana. Hiyo ni kweli na nawashukuru. Lakini miaka yote baada ya hapo hajawahi kupewa hata daftari la michango ya msiba. Tukichangishana kwenye kitongoji, mtu anakuja na kalamu, anamruka baba, anampa kijana wa miaka ishirini. Baba anacheka, anasema wako sawa. Ana misitu yake midogo ya misindano, anauza milunda, maisha yanaenda. Mimi ndiye nisiyecheka.

Kwa hiyo mleta uzi, msamaha na kiti ni vitu viwili, sawa, nakubali, na hata baba anakubali. Ila mkifanya kwamba anayekiri anakosa kiti milele na anayekana anakipata baada ya mabati, mnawafundisha watoto wenu jambo, na wameshajifunza. Mimi mwenyewe nimefanya kazi ofisini, nimeona vijana wakipata hasara ya laki mbili wanatengeneza risiti badala ya kusema, kwa sababu kila mmoja anamjua baba wa mtu fulani aliyesema.

Mama wa Isyonje

Pole mwanangu. Msalimie baba. Mwambie kuna mama Isyonje angempa daftari.

Wakili Nusu Meza

Binti, hili ulilosema ni zito kuliko vifungu vyangu. Niongeze moja tu. Mwaka 2019 sheria ilibadilishwa ikaingiza makubaliano ya kukiri kosa, na Septemba ile Magufuli aliwapa watuhumiwa wa uhujumu uchumi siku chache wakiri na kurudisha. Mamia waliandika barua. Tatizo lililokuja kulalamikiwa ni kwamba mtu aliye mahabusu kwa kesi isiyo na dhamana atakiri hata ambacho hakufanya ili atoke. Kwa hiyo kukiri kwenyewe kuna kukiri kwa kubanwa na kukiri kwa hiari, na ukikaa barazani huwezi kuvitofautisha kwa macho. Cha baba yako kilitofautishwa na nyumba iliyouzwa.

Kyela Damu

Nami nakubali, ila nawaambia ukweli wa kura. Watu wa AMCOS wanataka malipo ya pili. Akija mtu akasema nitawaletea malipo ya pili, hamtasoma historia.

Mkulima wa Mlowo

Wakuu, nimesoma yote, na ya Binti nimeyarudia. Nimeenda jana jioni kwa mama mdogo, nikamsomea ya Mama wa Isyonje kwenye simu. Alicheka sana pale kwenye kuku. Kisha akasema jambo ambalo halikuwa kichwani kwangu: kwamba mzee hajawahi kupita nyumbani kwake tangu arudi, anapita njia ya juu, ya shuleni, ambayo ni ndefu. Kwa nini azunguke kama ameshasamehewa kanisani?

Nimemuuliza, akija utamsamehe? Akasema atamsikiliza kwanza. Nimemuuliza, utampa kura? Akasema, "Kura ya nini, mimi sina kahawa." Ikabidi nicheke na mimi. Mtu aliyeumia hana kura kwenye chama, na wenye kura wengi hawakuumia kwa vocha, walikuwa na pesa ya kuongezea. Hoja yangu ya kiti ni cha wote imepata mtihani hapo, sikatai. Lakini naona inaimarika pia: kama kiti ni cha wote, basi wenye kura hatuwezi kusema hayo ni mambo ya wale kina mama.

Nitakachofanya ni hiki. Wagombea wote wanapewa nafasi ya kujieleza na kuulizwa maswali. Nitasimama nimuulize kwa heshima, nikimwita mzee, mambo mawili. Daftari la vocha la kijiji liko wapi, na kati ya waliotajwa mle amekwenda kwa nani. Sitamwita mwizi, maana mahakama haikumwita. Akijibu kwamba ameshaomba radhi kanisani, nitauliza tena lilelile. Akijibu kwa majina, kura yangu bado hapati mwaka huu, lakini nitakuwa wa kwanza kumsalimia nje.

Kitonga Kona

Na mama mdogo aje akae pale, hata kama hana kura. Akikaa mstari wa mbele jibu litabadilika.

Mkulima wa Mlowo

Nimeshaongea na bodaboda.

Binti wa Mafinga

Mkuu, niongeze pendekezo, mkiona halifai mlitupe. Badala ya kumpa kiti au kumnyima, kwa nini msiwe na nafasi ya kati? Mtu kama huyo akijibu kwa majina, apewe kazi isiyoshika pesa. Kupima kahawa na wenzake wawili, kusimamia zamu ya kuchambua, kupeleka sampuli. Msimu mmoja, miwili. Jina lake lisiwe kwenye saini za benki. Mkimwona amenyooka, msimu unaofuata ajadiliwe. Baba yangu angepewa hata hiyo, angeishika kwa mikono miwili.

Igawa Stendi

Mzani tena, Binti? Kwenye kahawa, mzani ndiyo pesa yenyewe.

Binti wa Mafinga

Nimesema na wenzake wawili.

Mkulima wa Mlowo

Zamu ya kuchambua inafaa, mzani tutabishana. Wakili, masharti ya chama yanaruhusu mkutano mkuu kumpangia mwanachama kazi ya namna hiyo bila kuwa mjumbe wa bodi? Sisi tuko chini ya ile Sheria ya Ushirika ya 2013, ila masharti yetu ni kijitabu cha kurasa kama thelathini, mwenyekiti ndiye anacho.

Wakili Nusu Meza

Sheria peke yake haitoshi, masharti yenu ndiyo yatakayosema. Kijitabu si cha mwenyekiti, kila mwanachama ana haki ya kukisoma. Kaombe kesho, piga picha ukurasa mmoja mmoja juani, unitumie faragha kabla ya Ijumaa nikurudishie na kifungu cha kusimamia.